Kishazi huru ukutani: shajara ya karatasi moja, Mwanjelwa

7 Juni

Leo naanza rasmi. Kibanda changu cha kuchapa na kutoa kopi kiko Mwanjelwa, Mbeya, hatua chache kutoka sokoni, na kinachonilipia kodi ya fremu ni barua za maombi ya kazi. Mteja anakuja na barua kaiandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, kwa Kiingereza. Naichapa, sh 1,000 kwa ukurasa, anaondoka. Miaka sita sasa nimekuwa nikichapa nilichopewa, kosa na lote, maana hakuna aliyenilipa kusahihisha.

Leo kaja kijana dereva. Barua yake ina sentensi moja iliyokula mistari minne:

"I am applying for the post of driver, I have a valid licence, I worked in Tunduma for 4 years, I am ready for interview any time."

Maneno yote kayaandika sawasawa. Ila kwa ofisa anayejua Kiingereza chake, hizo ni sentensi nne zilizofungwa kwa koma tatu, na koma ya Kiingereza haina nguvu hiyo. Nikamwambia. Akauliza, "Sasa dada, mimi nitajuaje kwamba sentensi imeisha?"

Nilikuwa na jibu la sekondari: kishazi huru ni kile chenye maana kamili, kinachoweza kusimama peke yake. Nikalitoa. Akaniangalia kama mtu aliyesomewa tarakimu za LUKU.

Mradi ndio huo. Karatasi moja ya A4, kwa Kiswahili, ibandikwe pale mteja anaposubiri, imwonyeshe kishazi huru cha Kiingereza kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Ukurasa mmoja tu. Nikiweka wa pili hautasomwa, nawajua wateja wangu.

10 Juni

Nimeanza kuomba ruhusa ya kubaki na nakala za barua. Majina na namba za simu naziba kwa maka peni. Wengi wanakubali. Mama mmoja amekataa, na ana haki yake. Mpaka jioni ninazo tisa.

14 Juni

Toleo la kwanza limepanda ukutani saa mbili asubuhi na kushuka saa nane mchana.

Lilisema: kishazi huru ni wazo kamili. Chini yake mifano miwili. Binti mmoja wa kidato cha pili aliyekuja kutoa kopi za notisi alisimama akalisoma, akaomba kalamu, akaandika pembeni "When I reached Uyole." Akaniuliza kama ni kishazi huru. Nikasema hapana, hilo halijakamilika.

"Limekamilika, dada. Mtu akiniuliza mvua ilianza lini, nikamjibu nilipofika Uyole, si amenielewa?"

Kanishinda. Ukamilifu wa wazo unategemea mnazungumza nini. Mkishajua mnachozungumza, hata "Kesho" peke yake ni wazo kamili. Nadhani kipimo hiki kinawafaa walimu kwa sababu wao jibu wanalijua tayari. Anayejifunza hakimpi cha kushika.

15 Juni

Toleo la pili: kishazi huru kina kiima na kitenzi. Sikulibandika hata. "When I reached Uyole" ina kiima, "I", na ina kitenzi, "reached". Na bado haisimami.

21 Juni

Baridi ya leo imewafukuza wateja mapema. Nimefunga mlango nusu, nikatandaza zile barua tisa mezani na kikombe cha chai, nikazipanga kwa aina ya kosa badala ya kuzipanga kwa mwandishi. Ilichukua saa nzima nikaona kitu ambacho sikukitarajia: hakuna kosa hata moja la uvivu pale. Makosa yote yanatoka kwenye Kiswahili, tena Kiswahili kizuri.

Chukua "nilipofika". Ni neno moja. Ndani yake yumo mtendaji, ni-. Umo wakati, -li-. Kimo kitendo, -fika. Na katikati kimejibana -po-, kasilabi kadogo kanakomwambia msikilizaji: ngoja, kuna jambo linakuja. Ukimwambia mtu "Nilipofika Uyole" kisha ukanyamaza, atakuuliza "Ehe?" Hakufundishwa na mtu kuuliza hivyo. Kazi hiyohiyo inafanywa na -ki- kwenye "nikifika", -nge- kwenye "ningefika", -sipo- kwenye "nisipofika". Sisi utegemezi tunaushona ndani ya kitenzi.

Kiingereza hakishoni. Kinakiacha kitenzi kilivyo, kisha kinaweka neno kwa nje, mbele: "when", "if", "because", "although", "unless". Linganisha "I reached Uyole" na "when I reached Uyole". Kitenzi ni kilekile, herufi kwa herufi. Mtu aliyezoea kuusikia utegemezi ndani ya kitenzi atasikiliza palepale, atakuta kimya, na ataweka nukta. Barua nne kati ya tisa zina kosa hilo. "Because I have enough experience." Nukta. Mstari mpya.

Halafu ipo -ka-. "Nikaamka, nikanawa, nikapanda daladala, nikashuka Kabwe." Hakuna mhariri wa Kiswahili atakayegusa koma hizo, kwa sababu kinachoshika vishazi ni -ka-, koma ni mapumziko ya pumzi tu. Kiingereza hakina -ka-. Ukihamisha mnyororo huo unabaki na "I woke up, I washed, I boarded", yaani umeacha kilichokuwa kimeshika ukachukua pumzi. Hata pasipo na -ka- tuna mkono huo: "nina leseni hai, nimefanya kazi Tunduma, niko tayari". Kwetu ni mtiririko mzuri. Yule dereva hakubahatisha koma zake, alizitoa nyumbani.

La tatu ni kiima. Wazee wa Rungwe wakikusalimu kwa Kinyakyusa wanasema "Ugonile". Neno moja tu: u- ni wewe, gona ni kulala, -ile ni kitendo kilichokwisha. Kishazi huru kizima, mlangoni kwako, kabla hujanawa uso. Mtoto aliyekulia kwenye lugha za namna hii, kisha akaongeza Kiswahili, hajawahi kukitafuta kiima nje ya kitenzi, kwa sababu siku zote kipo ndani. Kwa hiyo barua ya tatu inamalizia "Is my hope that you will consider me", ambayo ni "Ni matumaini yangu" iliyovuka mto bila "It". Barua ya saba imekosea kwa upande wa pili: "My brother he lives in Makambako". Nilicheka kabla ya kuelewa. "Kaka yangu anaishi": ile a- ya "anaishi" naye kaitafsiri! Mwaminifu kupita kiasi.

Na mdomoni tunaacha hata "ni". "Hali ya hewa ya huku baridi sana" inapita bila tatizo. "The weather here very cold" haina kitenzi, kwa hiyo haina kishazi, achilia mbali kilicho huru.

Chai imepoa. Sijaandika hata mstari mmoja wa toleo la tatu, lakini sasa najua karatasi inamwandikia nani. Anayeisoma anajua vishazi barabara. Kinachomkwamisha ni kwamba Kiingereza kimeficha alama zake mahali ambapo yeye haangalii.

24 Juni

Tona imeisha, umeme umekatika saa tano mpaka jioni. Hakuna kilichofanyika.

2 Julai

Toleo la tatu lilikuwa na maelezo mengi ya -po- na -ki-, na watu walilipita kama tangazo la mnada wa jana. Aliyelikomboa ni utingo mmoja wa malori ya Tunduma aliyekuja kuchapisha barua ya kuomba nafasi ya udereva. Alisoma, akakuna kichwa, akasema:

"Dada, si useme tu kichwa na tela?"

Kichwa cha lori kinaweza kuondoka peke yake kikaenda Mbalizi na kurudi. Tela haliendi popote bila kichwa. Hapo nilikuwa nimeshafika mwenyewe. Alichoniongezea ni pini. Tela la semi lina pini chini yake kwa mbele, na kichwa kina mahali pa kuipokea. "Ukiinama ukaiona pini, hata kama tela limepakwa rangi mpya na lina matairi yote, ujue hilo ni tela."

Pini ni "when". Pini ni "because", "if", "although", "unless", "since". Neno moja mbele ya kishazi kilichokamilika kwa kila kitu, na palepale kinageuka tela. Nimemchapia barua yake bure.

Nikambana: mbona Kiingereza kinaruhusu tela litangulie? "When I reached Uyole, it was raining." Barabarani tela liko nyuma siku zote. Hakufikiri hata sekunde. "Hiyo anarudi rivasi. Na ukirudi rivasi lazima uwashe hazadi."

Basi koma ndiyo hazadi. Tegemezi ikitangulia, weka koma. Ikifuata nyuma, "It was raining when I reached Uyole", kwa kawaida koma haihitajiki. Kanuni hiyo nimeisoma mara nyingi kwenye vitabu na haikunikaa kichwani kama ilivyokaa leo.

Vichwa viwili navyo vina utaratibu wake. Ama kila kimoja kiende kivyake, kwa nukta. Ama viungwe kwa chuma, yaani koma pamoja na kimojawapo cha viunganishi saba: "and", "but", "or", "so", "yet", "for", "nor". Koma peke yake ni kamba ya katani. Nimeandika kwenye karatasi: nani anavuta kichwa cha lori kwa kamba ya katani kupanda mlima Kitonga? Watu wanacheka wakifika hapo. Anayecheka kasoma.

8 Julai

Mawili yamejitokeza ambayo pini haiyatatui vizuri.

Kwanza "ingawa... lakini". Kwenye Kiswahili cha kila siku tunaweka yote mawili na sikio halistuki. Kwa hiyo barua zinakuja na "Although I do not have a degree, but I can work hard." Kazi ya "but" ni kuunga vichwa viwili, na "although" imeshakigeuza cha kwanza kuwa tela. Uchague moja. Nimeweka onyo la mstari mmoja.

La pili ni "whereby", ugonjwa wetu Watanzania. Tumeifanya "ambapo" ya kila shughuli: "I completed Form Four in 2019 whereby I got Division Three." Kwa Kiingereza "whereby" ni kwa njia ambayo, kwa mpango ambao. Haimaanishi "na hapo". Ushauri wangu ukutani: ukishikwa na hamu ya kuandika "whereby", weka nukta uanze upya. Mteja mmoja, mwanafunzi wa chuo, amenibishia kwa dakika kumi kwamba wahadhiri wake wanaitumia hivyohivyo. Sikumbishia kuhusu wahadhiri wake.

12 Julai

Leo ndiyo siku niliyoingoja.

Kuna kipimo cha Kiingereza ambacho nilikuwa nacho tangu mwanzo: tanguliza "Is it true that" mbele ya kishazi, uone kama swali linakaa. "Is it true that I reached Uyole?" linakaa. "Is it true that when I reached Uyole?" linaning'inia. Kizuri, ila kinamtaka mtu awe na sikio la Kiingereza, na angekuwa nalo asingekuwa anasoma karatasi yangu.

Yule binti wa kidato cha pili alipita tena. Nikamweleza shida yangu. Akasema, "Basi pimeni kwa Kiswahili." Nikamuuliza vipi. Akashika barua ya juu ya rundo, akawa anatafsiri huku anapima:

"Ni kweli kwamba nilifanya kazi Tunduma? Sawa. Ni kweli kwamba kwa sababu nina uzoefu wa kutosha? Haa, hapana. Ni kweli kwamba nilipomaliza kidato cha nne? Hapana. Ni kweli kwamba kuwa mchapakazi na mwaminifu? Hapana."

Hiyo ya mwisho ilikuwa "Being a hard worker and honest.", ambayo haina pini yoyote; inaanguka kwa sababu kitenzi hakijabeba wakati. Kipimo chake kimeinasa nacho. Nimeketi. Wiki hizi zote nahangaika kumpa mtu sikio jipya, kumbe analo analotumia tangu kuzaliwa na linafanya kazi.

Nimejaribu kukivunja jioni nzima. Kinashindwa mahali pawili. Amri: "Please find attached my certificates" ni kishazi huru halali, kiima chake ni "you" isiyotamkwa, lakini "Ni kweli kwamba tafadhali" haiendi. Na hakikamati kiima kilichosahaulika wala kilichorudiwa, kwa sababu ukishatafsiri "Is my hope" kuwa "Ni matumaini yangu" kosa linafutika lenyewe. Hivyo karatasi ina maswali mawili. Moja, kwa Kiswahili: Ni kweli kwamba...? La pili, kwa macho juu ya Kiingereza chenyewe: mtendaji yuko wapi, nje ya kitenzi, na ni mmoja?

Toleo la nne. Nimelilaminisha, nimetoa nakala za kugawa.

19 Julai

Nisingelilaminisha mapema.

Mwalimu mstaafu huja kila mwezi kutoa kopi za karatasi zake. Shikamoo, marahaba mwanangu, akavaa miwani akaanza kusoma ukuta. Akafika mstari wa kumi na tatu, akaweka kidole.

"Hii 'however' umeikalisha kwenye kiti cha 'but'. Hawa si ndugu."

Nilikuwa nimeandika, kama mfano wa sentensi safi: "I applied last year, however I was not called." Kosa lilelile la koma, kwa maandishi meusi ya kukoza, kwenye karatasi inayokataza kosa hilo. Na nimeshagawa nakala kumi na nne.

Uthibitisho wake ulikuwa mwepesi. "Ihamishe," akasema. "I was not called, however" inakwenda. "I was, however, not called" inakwenda pia. Sasa hamisha "but" hivyohivyo: "I was not called, but", na umekwama. Kiunganishi kimefungwa penye maungio. "However" ni kielezi, kinatembea ndani ya kishazi chake kama mgeni aliyekaribishwa vizuri, kwa hiyo hakiwezi kuwa chuma cha kuungia. "Therefore" na "then" ni hivyohivyo. Kabla yake weka nukta, au nukta mkato.

Nukta mkato nilikuwa nimeikwepa kwa makusudi, kwa kuwa watu wanaiogopa. Mwalimu akasema siruhusiwi kuiogopa kwa sababu ni alama ya watu wa kazi yangu. Mfano wa mwanzo wa matumizi yake kama tunavyoijua ulitoka Venice mwishoni mwa karne ya 15, kwenye karakana ya mchapaji, Aldus Manutius. Mchapaji! Nimefurahi kuliko inavyostahili. Nimeiingiza: inasimama kati ya vichwa viwili vinavyohusiana, na haihitaji kiunganishi. "I applied last year; however, I was not called."

Kabla hajaondoka nikamtega na "I came, I saw, I conquered" ya Julius Caesar. Vichwa vitatu, kamba za katani mbili. Akacheka: vifupi, vinafanana umbo, vimejipanga kama hatua za mguu, Kiingereza kinavisamehe. "Ukishateka nchi, na wewe utasamehewa. Kwenye barua ya kuomba udereva weka nukta."

9 Agosti

Nanenane imepita. Wiki mbili nimechapa vipeperushi vya mbegu za viazi na parachichi kwa ajili ya maonyesho ya viwanja vya John Mwakangale, na mradi umelala. Watu wanne kati ya wale kumi na wanne wamerudi kubadilisha nakala.

16 Agosti

Toleo la sita liko ukutani, halijalaminishwa. Kichwa na tela juu, pini sita, maswali mawili katikati, Kitonga, "although" na "but", "whereby", kisha "however" mahali pake. Nafasi tupu imebaki upana wa kidole.

Dereva wa tarehe 7 Juni karudi na barua nyingine, ya kampuni nyingine. Hakunipa moja kwa moja. Alikaa kwenye stuli, karatasi juu ya goti, midomo inacheza: ni kweli kwamba nina leseni hai, ni kweli kwamba nilifanya kazi Tunduma. Akaweka nukta ya kwanza, kisha ya pili. Ya tatu akaiweka, akaitazama, akaigeuza koma, akaandika "so" mbele yake. Sikusema kitu.

Kisha akanyanyua kichwa. "Dada, na hii?"

"My former boss said I was a careful driver."

Boss alisema: ni kweli. Nilikuwa dereva makini: ni kweli. Vichwa viwili, hakuna nukta, hakuna chuma, pini haionekani. Na sentensi haina kosa. "That" imeachwa, kama tunavyoiacha "kwamba" mdomoni, na kishazi cha pili ndicho kilichosemwa. Kimebebwa na cha kwanza. Nikatafuta namna ya kumweleza, na nje likapita lori la kwenda mpakani limebeba kichwa kizima cha lori mgongoni, kama yale yanayovuka kwenda Zambia. Nikamwonyesha kwa kidole. Akatazama mpaka likapotea upande wa Mafiati.

"Kwa hiyo kile cha juu hakiendeshwi."

"Leo hakiendeshwi."

Nimechapa barua yake bila kugusa hata koma. Amelipa 500, nyingine ataleta. Kwenye ile nafasi ya upana wa kidole nimeandika kwa kalamu "said", nikachora lori juu ya lori. Mchoro wangu unafanana na kitanda cha ghorofa.